Pango na kodi ya pango

Kiswahili kina neno moja, pango, linalobeba mambo mawili: tundu la mwambani, na fedha anayotoa mpangaji kila mwezi. La pili linatokana na kupanga nyumba, na huenda halina undugu wowote na la kwanza. Hata hivyo, kwa anayetaka kuzielewa nyumba za mwambani za Kinver, kilomita zipatazo 25 magharibi ya Birmingham, kukutana kwa maana hizo mbili kunasaidia kuliko vijitabu vingi vya watalii. Vijitabu hivyo hupenda maana ya kwanza. Vinamwita msomaji aje kuona mapango, vinagusia watu wa kale, na vinaulinganisha mwamba wa Kinver na miji ya chini ya ardhi ya Kapadokia, Uturuki. Hoja yangu ni kwamba nyumba hizi ziko upande wa maana ya pili. Zilikaliwa na vibarua na mafundi katika zama za viwanda, na sababu ya kuwako kwake itafutwe kwenye ujira, tofali na kodi kabla ya kutafutwa kwenye ukale.

Tuanze na mwamba wenyewe, maana ndio uliofanya mengine yawezekane. Zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita, ardhi hii ambayo leo ni Uingereza ilikuwa karibu na ikweta, nayo ilikuwa jangwa. Upepo ulirundika vilima vya mchanga, kutu ya chuma ikaupaka wekundu, na uzito wa tabaka zilizofuata ukaushindilia hadi ukawa jiwe. Anayesimama mbele ya Holy Austin Rock, mwamba mashuhuri kuliko yote ya Kinver, ataona mistari iliyolala kwa mshazari ukutani: ni miteremko ya vilima vile vya jangwa, imeganda ilivyokuwa. Jiwe lenyewe ni laini kiasi kwamba ncha ya msumari inaacha alama, na ndiyo maana wageni wa miaka mingi wamechonga majina yao kila walipofikia. Pamoja na ulaini huo, linajibeba. Mchimbaji akiacha nguzo na dari nene ya kutosha, chumba kinasimama bila boriti hata moja. Kwa hiyo mtu mwenye sululu, tindo na subira angeweza kujiongezea chumba jioni baada ya kazi, bila kumwita mwashi wala seremala. Uso wa mbele ulizibwa kwa matofali pale mwamba ulipopungua, mlango na dirisha la vioo vikatiwa, na dohani ikatobolewa kwenda juu. Kuta zilipakwa chokaa, si kwa urembo tu: mwamba usiopakwa hudondosha mchanga mwekundu kwenye nguo, kitanda na mkate.

Sasa tutazame tarehe, maana hapo ndipo hadithi ya watu wa kale inapoanza kuyumba. Kumbukumbu ya zamani inayotajwa sana ni ya kitabu cha parokia ya Kinver, mwaka 1617, kinachoandika maziko ya mwanamke aliyeitwa Margaret wa Shimo la Mbweha. Jina hilo huhusishwa na Nanny's Rock, pango jingine kwenye ukingo wa Kinver (Kinver Edge). Ni jina la mtu mmoja, tena lenye harufu ya kejeli, na mtaa haupimwi kwa jina moja. Kwa miaka mia na sitini inayofuata hakuna picha pana, mpaka mwaka 1777 mwandishi Joseph Heely alipochapisha barua zake kuhusu bustani za eneo hili na kusimulia jinsi mvua ilivyomkimbiza hadi kwenye nyumba ya mwambani. Alichokikuta ni familia nadhifu, yenye vyumba vya joto na bustani ya kupendeza. Kufikia sensa ya 1861, Holy Austin Rock peke yake ilikuwa na familia 11. Mstari wa tarehe hizo unapanda. Kama makazi haya yangekuwa mabaki ya ukale yanayofifia, tungetarajia yapungue kadiri viwanda vilivyokua. Yenyewe yaliongezeka.

Na viwanda havikuwa mbali. Bonde la mto Stour lililo chini ya mwamba lilikuwa na vinu vya kukata fito za chuma kuanzia karne ya 17, na fito hizo ndizo zilizopelekwa kwa wafua misumari wa eneo zima. Mwaka 1772 mfereji wa Staffordshire na Worcestershire, kazi ya mhandisi James Brindley, ulifunguliwa na kupita Kinver, ukileta mashehena na ajira. Kazi ilikuwepo, nyumba ya karibu na kazi ndiyo iliyokuwa adimu. Tena tangu 1784 hadi 1850 serikali ya Uingereza ilitoza kodi kwa kila tofali, kwanza ili kulipia vita iliyopoteza makoloni ya Marekani. Sidai kwamba kodi hiyo ndiyo iliyowasukuma watu mwambani, maana wengine walikuwa wameshaingia. Ninachosema ni hesabu rahisi: gharama kubwa ya nyumba ni ukuta na paa, na hapa vyote viwili vilikuwepo kabla mwenye nyumba hajazaliwa.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni hataliona akifika Kinver moja kwa moja. Katika eneo hili kuchimba kulikuwa riziki. Kwa hiyo ningemshauri mwongozaji aanze ziara Smethwick, ndani kabisa ya mji mkubwa, kwenye mfereji wa mhandisi Thomas Telford. Wanaotafuta korongo watalipata hapo: bonde lenye kina cha mita zipatazo 21 lililochongwa na vibarua, na juu yake Daraja la Galton la mwaka 1829, tao moja la chuma lenye urefu wa mita 46. Ukiwa chini kwenye njia ya farasi waliokuwa wakikokota mashua, miti imekwishafunika kingo na ni rahisi kudhani ni kazi ya maji. Ni kazi ya sepeto na toroli. Kutoka hapo si mbali kufika Dudley, kwenye handaki la mfereji lililofunguliwa 1792, lenye urefu wa karibu kilomita 2.9, ambako waendesha mashua walilala chali na kuisukuma kwa kukanyaga kuta. Handaki hilo linaungana na mapango makubwa yaliyobaki baada ya kuchimba chokaa ya kuyeyushia chuma. Mwaka 1849 mwanajiolojia Roderick Murchison alihutubia maelfu ya watu humo humo ndani. Watu waliozoea kuona ukumbi wa chini ya ardhi namna hiyo hawakuhitaji kuwa na silika ya mnyama wa porini ili wakubali jiko lao liwe ndani ya jiwe.

Kapadokia basi inatuhusu vipi? Inatuhusu kama kipimo cha tofauti. Kule mwamba ni majivu ya volkeno yaliyoshikana, laini kama huu, lakini mji wa Derinkuyu ulichimbwa kwenda chini kiasi cha mita 85 na una milango ya mawe ya duara inayofungwa kutoka ndani. Huo ni usanifu wa hofu: umejengwa na watu waliotarajia adui. Afrika Mashariki tunaufahamu usanifu wa aina hiyo. Wairaqw wa nyanda za Mbulu walizamisha tembe zao ardhini na kufunika paa kwa udongo ili mvamizi apite asijue, na Wachaga walichimba mahandaki ya kujificha wakati wa vita za milimani. Kwenye mlima Elgon, msafiri Joseph Thomson aliwakuta watu mwaka 1883 wakiishi mapangoni pamoja na mifugo yao. Lalibela, Ethiopia, ni habari nyingine: makanisa 11 yaliyochongwa kwenye mwamba kwa sababu ya ibada. Hofu, ibada, mifugo: kila moja huacha alama yake. Ukiingia Kinver huku umezijua alama hizo, utaona zipi hazipo. Madirisha yanatazama nje waziwazi, milango ni ya mbao ya kawaida, bustani iko mbele ambako kila mpita njia anaiona. Hakuna aliyekuwa akijificha.

Pingamizi la kwanza linaweza kutoka kwa mpenzi wa historia ya Kanisa. Atasema eneo hili lilikuwa na watawa wa upweke mwambani muda mrefu kabla ya viwanda, na jina Holy Austin lenyewe linanukia utawa wa Mtakatifu Agostino. Ana hoja. Kusini zaidi, karibu na Stourport, kuna Redstone, mwamba mwekundu kwenye kivuko cha mto Severn, wenye vyumba vilivyochongwa vya wakaa pweke. Padri Layamon, aliyetunga historia ndefu ya Uingereza kwa mashairi yapata mwaka 1200, anataja mwenyewe kwamba alihudumu karibu na hapo. Mwaka 1538 Askofu Hugh Latimer alimwandikia Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, akilalamika kwamba mahali hapo pangeweza kulaza watu 500, na kwamba pangewafaa wezi na wahaini sawa na waaminifu. Barua hiyo ndiyo inayonifundisha kuliko jina lolote. Hata katika kilele cha mabishano ya dini, kilichomsumbua askofu ni idadi ya vitanda. Chumba cha mwambani kikishachongwa hakina dini; atakayekuja kesho anakitumia kwa shida yake. Huenda wakaa pweke walitangulia Kinver, lakini kutangulia si kusababisha. Familia 11 za mwaka 1861 hazikuwa mwambani kwa sababu ya nadhiri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Linasema napamba umaskini: vibanda hivi vilikuwa na unyevu na giza, na uthibitisho ni kwamba watu waliondoka. Unyevu ulikuwepo, sina haja ya kuukana. Chumba cha nyuma kisicho na dirisha hakipati jua kamwe, na mtoto mwenye kifua kibaya hakusaidiwa na uzuri wa mistari ya jangwa. Lakini tukisema watu waliondoka, tuangalie ni nini kilichowaondoa. Mwaka 1952 serikali ya Italia ilipitisha sheria ya kuwahamisha wakazi wa nyumba za mwambani za Matera, kwa sababu ya afya na aibu ya taifa. Mwaka huohuo wakazi wa Zelve, Kapadokia, walihamishwa kwa kuogopa miamba kuporomoka. Wakazi wa mwisho wa Kinver waliondoka miaka ya 1960, wakati halmashauri za Uingereza zikidai kila nyumba iwe na maji ya bomba na njia ya maji taka. Mwamba wa Zelve ulikuwa unawaangukia wenyewe. Wa Kinver haukuwa na kosa hilo. Kilichoshindikana ni bomba. Kulitobolea jiwe bomba la maji taka ni ghali kuliko kumpa mtu nyumba mpya ya halmashauri, na kwa mara nyingine hesabu ndiyo iliyoamua. Walioingia kwa sababu ya gharama walitoka kwa sababu ya gharama.

Yupo pia atakayesema nyumba anazoonyeshwa mgeni leo ni maonyesho tu, kwani shirika la urithi la National Trust lilizijenga upya miaka ya 1990 baada ya kubomoka. Ni kweli, na mwongozaji mwaminifu aseme hivyo mlangoni. Ila maonyesho hayakuanza na shirika hilo. Mwaka 1901 tramu ya Kinver ilianza kuwaleta watu wa eneo la viwanda la Black Country, ikiungana na njia za tramu za Stourbridge na Dudley, na siku moja ya sikukuu ya Pentekoste mwaka 1905 ilibeba zaidi ya abiria 16,000. Sehemu kubwa ya umati huo walikuwa wafanyakazi wa viwanda waliopata siku moja ya hewa safi. Mwaka 1917 watoto wa Thomas Grosvenor Lee, wakili wa Birmingham aliyezaliwa Kinver, waliikabidhi National Trust ardhi ya ukingo kwa kumbukumbu ya wazazi wao. Wenyeji hawakungoja kuandikwa kwenye vijitabu. Waliweka meza mbele ya nyumba na kuwauzia wageni chai, na mgahawa wa mwambani ulidumu hadi miaka ya 1960, ukiwa karibu wa mwisho kufunga. Kwa hiyo ziara inapofika Holy Austin, ningeanzia pale chai ilipouzwa kabla ya vyumba vya kulala. Mfua chuma wa Dudley alishuka kwenye tramu, akapanda kilima kutazama mapango, akamkuta mwenzake wa tabaka lilelile akiwa amesimama mlangoni na sinia mkononi, akimngojea.