Mgeni Aingiaye kwa Kioo cha Simu



Ajapo mgeni nyumbani kwetu, sote twajua la kufanya. Ukumbi hufagiwa, mkeka mzuri hutandikwa, watoto hukatazwa kelele, na chai huinjikwa jikoni. Lakini siku hizi yuko mgeni mwingine, asiyebisha mlango wala kunywa chai, naye huingia hata chumba cha ndani. Mgeni huyo ni mwajiri anayemsaili kijana wetu kwa njia ya video.

Jambo hili limeenea zaidi tangu uliposambaa ugonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020. Kabla ya hapo, kijana wa Mbeya aliyeitwa kusailiwa Dar es Salaam hakuwa na budi kupanda basi na kwenda zaidi ya kilomita 800, na mwenziwe wa Iringa karibu kilomita 500. Alilipa nauli, akatafuta pa kulala, kisha akarudi kungoja majibu. Sasa baadhi ya makampuni na mashirika humwita mbele ya simu yake, hapo hapo alipo. Nauli imebaki mfukoni, hilo ni jema. Lakini kazi ya kutayarisha chumba, meza na utulivu, ambayo zamani ilikuwa ya mwajiri, imetuhamia sisi wenye nyumba. Wazazi wengi hatujalitambua jambo hili, nami nalikuwa mmoja wao.

KOSA LANGU

Binti yangu alihitimu stashahada ya uhasibu, akakaa nasi hapa Iringa zaidi ya mwaka mzima akituma barua za maombi. Mwezi wa Februari akaitwa kusailiwa kwa video, saa kumi alasiri. Akaniomba kwa adabu, "Baba, siku hiyo wanafunzi wako wangepumzika kidogo." Nikamjibu, "Mwanangu, simu ni simu tu. Ingia chumbani ufunge mlango."

Ilipofika saa, watoto wa madrasa walikuwa barazani wakisoma kwa sauti, tena kwa bidii, kwani mimi mwenyewe nilikuwa nimewahimiza. Haikupita robo saa mvua ikashuka juu ya bati. Mdogo wake naye akaingia kutafuta daftari. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akasema, "Waliniomba nirudie mara nne, baba, kisha wakanishukuru." Hakunilaumu, na kutolaumiwa huko ndiko kulikoniuma.

Sisemi kwamba kazi ile aliikosa kwa ajili ya kelele. Ajuaye ni Mwenyezi Mungu. Nasema kwamba binti yangu hakupata nafasi ya kusikika, na aliyemnyima nafasi hiyo ni mimi babake.

Alipoitwa mara ya pili, na mwajiri mwingine, alikuwa Mbeya kwa baba yake mdogo, fundi cherehani wa Mwanjelwa, mahali penye soko na makelele mengi kuliko kwangu. Nyumba yao ni vyumba viwili na ukumbi. Hata hivyo walimtayarishia vema, nami yafuatayo nimejifunza kwao.

CHUMBA NA NURU

Chumba kidogo hakidhuru. Mwajiri haoni nyumba, huona kile tu kilicho mbele ya kamera. Basi kijana akae na ukuta mtupu nyuma yake, au pazia lisilo na maua mengi. Kitanda, nguo zilizotundikwa na picha za jamaa visionekane, maana nyumba nayo ina sitara yake.

Uso uelekee dirishani. Akilipa dirisha mgongo, kamera huufuata mwanga mkali wa nyuma, na uso wake huwa kivuli kitupu. Asubuhi za mwezi wa Juni na Julai, ukungu na baridi ya kwetu vikitia giza ndani, taa iwekwe nyuma ya simu, immulike usoni.

Simu isishikwe mkononi. Isimamishwe mezani, kamera ilingane na macho, na chini yake pawekwe kasha, ndoo iliyofudikizwa au madaftari. Lakini Msahafu usitumiwe kuinulia simu, hata kama mwajiri hataona.

SAUTI

Katika nyanda zetu mvua hunyesha aghalabu kuanzia Novemba hadi Aprili, nayo hupenda kuja baada ya adhuhuri. Kijana akipewa hiari ya wakati, na aombe asubuhi. Akiweza kupata chumba chenye dari, ni bora kuliko kilicho chini ya bati tupu. Blanketi zikitundikwa kando, na mkeka ukatandikwa chini, mwangwi hupungua. Visikilizio vya masikioni vyenye kipaza sauti husaidia sana, kwa kuwa huichukua sauti karibu na kinywa.

UMEME NA MTANDAO

Simu ijazwe chaji tangu usiku, wala asingoje asubuhi, huenda umeme ukakatika. Bando linunuliwe la kutosha, kwani saa moja ya mazungumzo ya video yaweza kula nusu gigabaiti au zaidi. Katika miji ya vilima kama yetu, upande mmoja wa nyumba hupata mtandao na upande wa pili hukosa. Kwa hiyo siku moja kabla, saa ile ile, baba mdogo alimwamuru binti anipigie mimi Iringa kwa video kutoka kila pembe, nami nikawa namwambia wapi nasikia vizuri. Laini ya mtandao mwingine nayo iwe tayari.

SAA

Barua ikisema 10:00, maana yake ni saa nne asubuhi, wala si saa kumi. Mwajiri akiwa Omani, saa zake zimetangulia zetu kwa saa moja: 10:00 ya Muscat ni saa tatu asubuhi kwetu. Akiwa Uingereza, yuko nyuma yetu kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao, na saa tatu wakati wa baridi. Kadhalika atazame nyakati za sala mapema, asije akafungwa kitini hadi wakati ukampita.

WATU WA NYUMBANI

Haya yote hayafai kitu iwapo nyumba nzima haikushiriki. Siku ile baba mdogo aliisimamisha cherehani yake, akapoteza kazi ya asubuhi nzima. Redio ilizimwa, kuku wakatolewa uani, na mama mdogo akaketi kando ya mlango asipite mtu. Watoto walikumbushwa adabu ya kuomba ruhusa kabla ya kuingia, tuliyofundishwa katika Sura ya Nuru. Kumbe adabu hiyo tulikuwa nayo siku zote; nami niifundishaye kwa watoto wa wenzangu sikuitumia nyumbani kwangu.

Mara ile ya pili pia hakuichukua kazi. Walimwandikia kwamba wamepata mwenye uzoefu zaidi. Lakini alinipigia simu akicheka, akasema, "Baba, leo wamenisikia." Aliyesikika akakataliwa hujua la kurekebisha, naye huomba tena kwa moyo mkunjufu.

Basi enyi wazazi wenzangu, kijana akikwambia kwamba kesho ana usaili, usimwambie simu ni simu tu. Muulize saa ngapi, chumba kipi, na ninyamazishe nini. Twamwomba Mungu riziki, naye ndiye Mtoaji. Lakini kutawakali si kumwacha ngamia bila kamba.

Mwezi huu binti ameitwa tena. Nimekwisha kuwaambia wanafunzi wangu kwamba Alhamisi hakuna chuo.