Kwa Nini Injini Kuukuu ya Pikipiki Huvuja Oili?

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ushauri huo ni mwema kwa mwenye nyumba, lakini fundi wa injini anayeufuata bila kuuliza ufa umetoka wapi aweza kuuharibu mtambo aliokusudia kuuokoa. Jambo hili huonekana waziwazi katika pikipiki za Uingereza zilizoundwa kati ya miaka ya 1930 na 1970. Pikipiki hizo bado hutunzwa na kuendeshwa na wapenzi wake katika nchi nyingi, nazo zina sifa mbaya ya kuacha doa la oili kila ziegeshwapo.

Doa hilo si aibu tu. Oili inayotoka kwenye maungio ya injini hupeperushwa nyuma na upepo wa mwendo, na ikifika kwenye tairi la nyuma mpira hupoteza mshiko wake, na mpanda pikipiki aweza kuanguka konani. Kwa hiyo mwenye pikipiki hufanya haraka: hukaza bolti kwa nguvu zake zote, au huifungua injini na kupaka gundi nene kila palipo na gasketi. Mara nyingi tiba hizo ni mbaya kuliko ugonjwa. Bolti iliyokazwa kupita kiasi hung'oa hesi za alumini. Gundi iliyozidi hubanwa ikaingia ndani, vipande vyake vikachukuliwa na oili hadi kwenye vitundu vyembamba vinavyolisha beringi, na beringi iliyokosa oili huungua kwa muda mfupi. Ili kuepuka hasara hiyo, ni lazima kwanza kufahamu ni nguvu gani inayoisukuma oili nje.

Injini inayopumua

Mwaka 1937 kampuni ya Triumph ilitoa pikipiki iitwayo Speed Twin, iliyobuniwa na Edward Turner. Injini yake ilikuwa na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, na pistoni zake zilipanda na kushuka pamoja. Mpango huo ulifuatwa na viwanda vingine vya Uingereza, na Triumph yenyewe iliutumia katika Bonneville ya mwaka 1959. Kila silinda ya Bonneville hiyo ilikuwa na kipenyo cha milimita 71, na pistoni ilisafiri milimita 82. Mwanafunzi akipiga hesabu ataona kwamba pistoni mbili zikishuka pamoja hufagia ujazo wa sentimita 649 hivi.

Aghalabu watu hufikiria yatokeayo juu ya pistoni, ambako petroli huwaka. Lakini chini ya pistoni nako mna hewa, ndani ya kasha linaloshika krenkshafti. Pistoni zinaposhuka, hewa hiyo hubanwa. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kasha lina hewa ya sentimita za ujazo 2,000, tena halina tundu lolote. Pistoni zikishuka, ujazo utabaki 1,350 hivi. Kwa kanuni iliyotolewa na Robert Boyle mwaka 1662, halijoto isipobadilika, kanieneo itapanda kutoka atmosfia 1 hadi karibu 1.48. Ziada hiyo ikisukuma kifuniko chenye eneo la sentimita 100 za mraba, nguvu yake ni nyutoni 490 hivi, yaani sawa na uzito wa gunia la kilo 50. Nguvu hiyo huja na kuondoka kila krenkshafti izungukapo mara moja, na injini iendayo mizunguko 3,000 kwa dakika huipata mara 50 kila sekunde.

Bila shaka waundaji walilijua jambo hilo, wakaipa injini njia ya kupumua. Katika Triumph za silinda mbili palikuwa na valvu ndogo iliyozungushwa na kemshafti, ikifunguka wakati pistoni zinaposhuka ili hewa itoke. Kuanzia modeli za mwaka 1970, injini za 650 zilipumua kupitia kasha la mnyororo wa mbele na bomba pana la nyuma. Bomba la kupumulia likiziba kwa tope, au likikunjwa, hewa hutafuta mlango mwingine, na mlango ulio karibu ni gasketi. Ringi za pistoni zikichakaa, gesi za mwako nazo hupenya na kuongeza kanieneo. Hapo fundi aweza kubadili gasketi mara kumi, na uvujaji ukaendelea, kwa sababu gasketi si mkosaji bali mwathirika.

Pikipiki ya Honda CB750, iliyotolewa mwaka 1969, yafaa kulinganishwa nazo. Ilikuwa na silinda nne; pistoni mbili zikipanda, mbili zilishuka, hivyo ujazo wa hewa chini yake ulibadilika kidogo tu. Tena kasha lake lilipasuliwa kwa mlalo, huku kasha za Triumph na BSA zikipasuliwa kwa wima, ungio likapita hadi chini kabisa mahali oili inapojikusanya. Kwa hiyo ukavu wa Honda haukutokana na gasketi peke yake. Ulitokana pia na umbo la injini.

Nyuso mbili na kitu laini katikati

Hata kanieneo ikiwa ndogo, ungio lenye nyuso mbaya litavuja. Kazi ya gasketi ni kujaza vishimo vidogo visivyoonekana kwa macho. Haiwezi kunyoosha uso uliopinda. Katika pikipiki kuukuu nyuso huharibika kwa njia tatu. Kwanza, kuna makovu ya bisibisi iliyotumiwa kubandua kifuniko. Pili, metali iliyo kando ya tundu la bolti huvutwa juu na kufanya kichuguu, kwa sababu ya kukazwa mno. Tatu, nusu mbili za kasha zikifungwa bila kulingana, hutokea kingo kama ngazi mahali silinda inapokaa, na gasketi ya karatasi haiwezi kuifunika ngazi hiyo.

Kipimo chake ni rahisi. Kifuniko huwekwa juu ya kioo kinene kilichonyooka, kikitikisika, kimepinda. Ili kukisawazisha, msasa laini hutandazwa juu ya kioo, hutiwa maji au mafuta mepesi, kisha kifuniko husuguliwa polepole kwa mwendo wa namba nane mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Tupa haifai kazi hii, kwa kuwa hula upande mmoja zaidi ya mwingine.

Joto nalo lina sehemu yake. Silinda ya Bonneville ilikuwa ya chuma cha kusubu, na hedi yake ya alumini. Kipande cha alumini chenye urefu wa milimita 200 kikiongezewa joto nyuzi 100 za sentigredi hurefuka milimita 0.46 hivi, na cha chuma milimita 0.22 tu. Tofauti yake, karibu robo ya milimita, yaonyesha kwamba nyuso hizo husuguana kila injini ipatapo moto na kupoa. Ndiyo maana hedi iliyofungwa upya hukaguliwa na kukazwa tena baada ya safari za kwanza, injini ikiwa imepoa.

Utaratibu wa kazi

Fundi mwenye busara huanza kwa kutafuta chanzo. Huiosha injini, huikausha, huinyunyizia poda nyeupe, kisha huiendesha kwa muda mfupi. Poda hulowa kwanza mahali oili inapotokea, wala si mahali inapodondokea. Kisha hukagua bomba la kupumulia. Hukagua pia kama oili imeshuka kutoka kwenye tangi lake na kujaa ndani ya kasha wakati pikipiki ilipokaa muda mrefu bila kuwashwa. Hali hiyo yatosha kufanya injini nzima ivuje siku ya kwanza, na dawa yake ni kuimwaga oili hiyo kabla ya kuwasha.

Baada ya hayo ndipo gasketi hubadilishwa. Nyuso husafishwa zikawa kavu, na gundi, ikihitajika, hupakwa utando mwembamba tu. Bolti hukazwa kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje na kwa kupishana pande, kwa kipimo cha spana ya kupimia nguvu. Gasketi ya shaba iliyokwisha kubanwa huwa ngumu, lakini yaweza kulainishwa: huchomwa hadi iwe nyekundu hafifu, kisha hutumbukizwa majini. Mwanafunzi na atambue kwamba feleji yenye kaboni ya kutosha ikichomwa sana na kutumbukizwa majini huwa ngumu. Shaba huwa laini.

Kiwanda cha Triumph cha Meriden kilifungwa mwaka 1983, na kila kasha la asili linalopasuka kwa kukazwa ovyo hupunguza idadi ya yaliyosalia. Lakini kanuni zilezile hutawala injini ya silinda moja ya pikipiki ya abiria inayopita mbele ya shule. Mwalimu aweza kuzionyesha darasani kwa bomba la sindano la mililita 20 lisilo na sindano. Mwanafunzi avute hewa hadi alama ya 20, azibe mdomo wake kwa kidole, kisha asukume hadi 13.5. Uwiano huo ni uleule wa 2,000 na 1,350. Atahisi hewa ikisukuma kidole, na akikilegeza kidogo ataisikia ikitoka. Kidole hicho ni gasketi. Na asukume tena huku mdomo ukiwa wazi: ataona kwamba palipo na njia ya kupumua, hakuna haja ya kubana kwa nguvu.