Teknolojia: 03/04 ni mwezi wa nne ao wa tatu? Namna kompyuta inavyogeuza tarehe

Mtoto aliyezaliwa tarehe 3 mwezi wa nne 2025 anaandikwa kwenye fishi ya kituo cha afya: 03/04/2025. Iwe Goma, Bukavu ao Lubumbashi, kila mtu anaisoma vilevile: siku kwanza, kisha mwezi, kama tulivyozoea katika Kifaransa. Lakini kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza cha Marekani inaisoma tofauti: tarehe 4 mwezi wa tatu.

Matokeo yake si madogo. Hapa DRC, chanjo ya kwanza ya penta hutolewa mtoto akifikisha wiki 6. Kwa tarehe ya kweli, mama angeitwa tarehe 15 mwezi wa tano. Kompyuta iliyokosea itamwita tarehe 15 mwezi wa nne, mtoto akiwa na siku 12 tu.

Ubaya ni kwamba kosa hilo halionekani. Ukiandika 25/04/2025 kwenye Excel yenye mpangilio wa Marekani, inashindwa kwa sababu hakuna mwezi wa 25, na inayaacha maandishi upande wa kushoto wa kisanduku. Kuanzia tarehe 1 hadi 12, inageuza bila kuonya. Kwa mwaka mzima, siku 132 zinaweza kuchanganywa hivyo.

Wanaotengeneza programu wana dawa yake. Kanuni ya ISO 8601, iliyotolewa mwaka 1988, inaweka mwaka mbele: 2025-04-03. Programu ihifadhi tarehe hivyo, kisha imuonyeshe kila msomaji kwa desturi ya kwao. Orodha ya Unicode iitwayo CLDR inaeleza desturi hizo, na Kiswahili cha Congo kina alama yake, sw-CD, pembeni ya sw-TZ na sw-KE.

Kuna mtego mwingine. Saa sita kamili ya usiku Goma, Kinshasa bado ni saa tano ya usiku, siku iliyotangulia. Tarehe ya kuzaliwa ikihifadhiwa pamoja na saa, mashine yenye saa ya Kinshasa inaweza kumrudisha mtoto siku moja nyuma. Ihifadhiwe bila saa.

Na ninyi mnaojaza orodha, fanyeni jaribio hili kabla ya kuanza kazi: andikeni 25/04/2025. Ikibaki kushoto, badilisheni kwanza mpangilio wa kompyuta uwe wa Kifaransa. Tarehe zilizokwisha kugeuzwa hazitajirekebisha zenyewe. Inabaki kuzilinganisha na fishi za karatasi, moja kwa moja.