Wasiwasi: neno moja, mambo matatu

Asubuhi moja ya baridi wilayani Kibondo nililisikia neno "wasiwasi" kutoka kwa watu watatu waliofuatana kwenye foleni. Kijana wa kidato cha nne, aliyebakiza siku mbili kuingia kwenye mtihani, alisema anaharisha na viganja vinatoka jasho. Mama wa watoto wanne alisema moyo unamwenda mbio tangu mavuno ya mwaka jana na usingizi umepotea. Baba mmoja alimsogeza mbele binti yake wa miaka sita akasema, "Daktari, huyu ana wasiwasi tangu azaliwe. Mgeni akija anajificha. Mpe dawa."

Neno ni lile lile, lakini mambo ni matatu. Tukiyachanganya, tutamtibu asiye mgonjwa na kumrudisha mgonjwa nyumbani mikono mitupu.

Wasiwasi kama hisia

Kijana yule alikuwa na hisia ya kawaida. Ubongo ukiona hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini. Moyo huongeza mapigo, pumzi huenda haraka, jasho hutoka na tumbo huvurugika. Ndiyo maana tunasema mtu ana matumbo joto. Hisia hii ina sababu inayojulikana, na sababu ikipita nayo hupita. Haihitaji dawa. Nilimfundisha kuvuta pumzi taratibu kwa pua na kuitoa polepole zaidi kwa mdomo, kwa dakika chache. Nikamwambia pia alale mapema, asikeshe kwa kahawa.

Wasiwasi kama hali ya ugonjwa

Mama yule alikuwa tofauti. Wasiwasi ukikaa siku nyingi kwa miezi sita au zaidi, ukarukia jambo moja hadi jingine, ukashindwa kuuzuia, na ukaja na uchovu, misuli kukaza na kukosa usingizi, huo ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na magonjwa ya wasiwasi, wakiwamo watoto na vijana milioni 58.

Kabla ya kufikia jibu hilo, daktari huangalia mambo mengine yanayoukimbiza moyo: upungufu wa damu, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, baadhi ya dawa za pumu, hata kahawa nyingi.

Hapa nikiri kosa langu. Nilipokuwa daktari mchanga Kasulu, nilimpima mama kama huyu, majibu yote yakawa mazuri. Nikamwambia, "Mama, huna ugonjwa." Nilidhani nimempa habari njema. Alirudi miezi kadhaa baadaye amekonda, ameuza mbuzi wawili akihangaika kutafuta tiba. Vipimo havikukosea. Nilikosea mimi, kwa kuwa sikumuuliza analalaje na anawaza nini usiku.

Ugonjwa huu unatibika. Yako mazungumzo ya tiba na mtaalamu aliyefunzwa, na zipo dawa kama fluoxetine, ambazo huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu. Usijinunulie diazepam dukani ili upate usingizi. Mwili huizoea haraka na kuiacha huwa shida.

Tukumbuke pia kwamba si kila wasiwasi wa muda mrefu ni ugonjwa. Wilaya zetu zimepokea wakimbizi kambini, Nyarugusu huko Kasulu, iliyofunguliwa 1996, na Nduta hapa Kibondo. Mtu asiyejua mwakani ataishi wapi ana sababu ya kuogopa. Huyo anahitaji kusikilizwa na kupata uhakika wa maisha; vidonge peke yake havitamtosha.

Wasiwasi kama hulka

Binti yule hakuwa mgonjwa. Mwanasaikolojia Jerome Kagan wa Marekani aliwachunguza watoto wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vigeni. Karibu mmoja kati ya watano alirusha mikono na miguu na kulia. Wengi wa aina hiyo walielekea kuwa watoto waangalifu na wenye haya, lakini si wote, na haya si ugonjwa.

Nilimwomba baba asimwite mwoga mbele za watu wala kumchapa kwa kujificha. Asimfiche na kila kitu pia. Aende naye kwa jirani mkono kwa mkono, siku nyingine asimame mlangoni amtazame, baadaye amtume peke yake. Lakini mtoto akikataa shule, akiumwa tumbo kila asubuhi ya masomo au akiacha kula, mlete hospitali.

Jiulize kabla ya kuja

Mzazi au mgonjwa, njoo na majibu ya maswali matatu: Umeanza lini? Una sababu gani? Unakuzuia kufanya nini? Majibu hayo yatatusaidia kama vipimo vinavyosaidia. Ukipata maumivu ya kifua, ukizimia, au ukijiwa na mawazo ya kujiua, usisubiri kesho, njoo siku hiyo hiyo.

Na ukiambiwa "huna ugonjwa" huku hulali, usiondoke kimya. Sema, "Daktari, bado silali." Laiti yule mama wa Kasulu angeniambia hivyo, au mimi ningemuuliza.