Reli ya Rafuni

Reli ya rafuni ni mfano mdogo wa reli unaojengwa juu ya ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani au kuwekwa juu ya kabati la vitabu. Ubao huo kwa kawaida huwa na upana wa sentimita 25 hadi 40 na urefu wa mita 1 hadi 3. Juu yake hulazwa njia chache za reli, kichwa cha treni kinachoendeshwa kwa umeme, mabehewa yasiyozidi kumi hivi, na mandhari ya kuyapa hayo yote mahali pa kuishi: ghala, ukuta wa mawe, kilima, miti, pengine ng'ombe wawili nyuma ya uzio. Uingereza ndiko ujenzi wa aina hii ulikoshamiri zaidi, kwa kuwa wapenda reli ni wengi na vyumba vya nyumba zao ni vidogo.

Ukubwa wa mfano huamuliwa na skeli. Iliyozoeleka Uingereza ni OO, inayopunguza kila kitu mara 76.2. Ulaya bara na Marekani hutumia zaidi HO, ya mara 87. Mwenye nafasi finyu huchagua N, ambayo kwa treni za Ulaya bara ni mara 160 na kwa za Uingereza mara 148. Ndogo zaidi ya hiyo ni Z, ya mara 220, iliyoletwa sokoni mwaka 1972 na kampuni ya Märklin ya Ujerumani. Reli zake mbili zimeachana kwa milimita 6.5 tu. Ni Märklin hao hao waliopeleka kwenye maonyesho ya biashara ya Leipzig, mwaka 1891, reli za kuchezea zenye vipimo maalumu vya upana, hivi kwamba mnunuzi aliweza kuongeza kipande juu ya kipande kila alipopata fedha.

Skeli ya OO ina kasoro ya kuzaliwa nayo. Treni za Uingereza ni nyembamba na fupi kwa kimo kuliko za Ulaya bara, kwa sababu madaraja na mahandaki yao yalijengwa mapema na kwa ubahili. Zilipopunguzwa mara 87, mota za umeme za zamani hazikuenea ndani ya kichwa cha treni. Watengenezaji wakapanua bodi hadi mara 76, lakini reli wakaziacha na upana ule ule wa HO, milimita 16.5. Ukizidisha milimita hizo kwa 76.2 unapata 1257, ilhali reli halisi ina upana wa milimita 1435. Treni za OO kwa hiyo hukimbia juu ya njia iliyo nyembamba kwa karibu sentimita 18 za dunia halisi. Wengi hawalioni hilo. Wachache wanaoliona hawana raha, na hutandika upya reli zao kwa mikono kwa upana wa milimita 18.83, kazi inayomaliza majira kabla treni haijatembea hata mara moja.

Kinachoitawala reli ya rafuni kuliko yote ni kona. Kona kali kabisa ya kawaida katika reli za OO zinazouzwa tayari zimekunjwa ina nusu kipenyo cha milimita 371, kwa hiyo duara kamili hudai ubao wenye upana wa karibu sentimita 80. Rafu ya sentimita 30 haina nafasi hiyo. Treni haitazunguka, itakwenda na kurudi. Hapo wengi wanaoanza hukata tamaa, kumbe ndipo mambo yanapoanza kunoga. Rafu ya mita 1.5 katika skeli ya OO ni sawa na mita 114 za dunia halisi, zaidi kidogo ya urefu wa uwanja wa mpira. Treni ya abiria iendayo kilomita 100 kwa saa ingeipita kwa sekunde 4 na kwisha habari. Kichwa kidogo kinachosukuma mabehewa ya mizigo kwa kilomita 10 kwa saa huchukua zaidi ya sekunde 40 kuimaliza, na njiani kina kazi ya kufanya: kuacha behewa hapa, kuchukua jingine pale, kupisha. Ndiyo maana rafu nyingi zilizojengwa vizuri zinaonyesha yadi ya mizigo, gati, machimbo ya mawe au kiwanda cha bia, wala si stesheni kuu yenye treni za kasi.

Mpango maarufu kuliko yote wa namna hii ni Inglenook Sidings, uliobuniwa na Mwingereza Alan Wright kwa kuangalia njia za mizigo za Kilham, kwenye tawi la reli kati ya Alnwick na Cornhill kaskazini mwa Uingereza. Una pointi mbili tu, pointi ikiwa ni mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili. Kutokana nazo zinapatikana njia tatu za kando zisizo na upande wa pili wa kutokea: moja inachukua mabehewa matano, na mbili zilizobaki matatu kila moja. Upande wa pili upo mkia wa njia unaotosha kichwa cha treni na mabehewa matatu, si zaidi. Mabehewa ni manane. Matano husimama kwenye njia ndefu, matatu kwenye mojawapo ya fupi. Kisha inapigwa kura: majina ya mabehewa yanatolewa kwenye kikopo moja baada ya jingine hadi matano yapatikane, na kazi ya dereva ni kuyapanga hayo matano kwenye njia ndefu kwa mfuatano ule ule.

Kwa maandishi kazi inaonekana nyepesi. Chukulia behewa linalotakiwa kwanza liko mwisho kabisa wa njia fupi, nyuma ya mengine mawili. Kichwa kinayavuta yote matatu hadi kwenye mkia, pointi inageuzwa, yanasukumwa kwenye njia fupi iliyo tupu, lile la mbali linafunguliwa na kuachwa peke yake, na mawili yanarudishwa yalikotoka. Behewa sasa liko huru, lakini njia ndefu linakotakiwa kwenda bado imejaa mabehewa matano. Itabidi baadhi yatolewe, na kila litakalotolewa litadai mahali pa kusimama, na mahali penyewe ni pale pale palipoanza kujaa. Nafasi tupu ndiyo zana ya dereva: njia zote zikijaa, hakuna kinachosogea. Mifuatano inayoweza kutokea kwenye kura ni 8×7×6×5×4, yaani 6,720. Anayecheza mara moja kila jioni angehitaji zaidi ya miaka 18 kuimaliza yote, na yote hiyo ndani ya rafu ya OO yenye urefu wa mita 1.2 hadi 1.5. Katika skeli ya N mpango huo huo huenea kwenye nusu ya urefu huo.

Wapendao abiria nao wana mpango wao. Mwaka 1957 Cyril Freezer alichapisha mchoro wa Minories, stesheni ndogo ya mjini iliyopewa jina la mtaa mmoja wa London. Mchoro huo unapendwa hadi leo kwa jinsi pointi zake zilivyopangwa ili treni iingie kwenye majukwaa bila kuyumba sana kulia na kushoto.

Ubao wenyewe hutengenezwa kwa plaiwudi ya milimita 6 hadi 9 iliyokazwa juu ya fremu ya mbao, au kwa povu gumu la kuzuia joto, ambalo ni jepesi na huchongeka kwa kisu. Kulala sawasawa kwa ubao ni muhimu kuliko nguvu. Mabehewa madogo yana ekseli zinazoteleza mno, na mteremko usioonekana kwa macho unatosha kuyafanya yaondoke yenyewe pindi yanapofunguliwa. Kimo cha rafu nacho huamua mengi. Ikiwekwa kiunoni, mtazamaji huiona kama aliye ndani ya ndege. Ikipandishwa hadi karibu na kifua au macho, anasimama jukwaani pamoja na wale watu wadogo wa plastiki, na kina cha sentimita 30 kinaanza kuonekana kirefu.

Umeme hupita kwenye reli zenyewe. Reli moja hubeba chanya, nyingine hasi, kwa mkondo mnyoofu usiozidi takriban volti 12. Magurudumu huuchukua na kuufikisha kwenye mota. Pande zikibadilishwa, treni hurudi nyuma. Mifumo ya kidijitali iliyoanza kuenea miaka ya 1990 hupeleka umeme wakati wote na kukipa kila kichwa namba yake, ili viwili vifanye kazi kwenye njia moja bila kufuatana. Kwa rafu yenye kichwa kimoja, gharama hiyo si lazima.

Penye matatizo ni katikati ya pointi, mahali reli ya chanya inapoikata ya hasi. Zikigusana, umeme unapiga shoti. Pointi za bei nafuu hukwepa hilo kwa kuweka plastiki kwenye makutano hayo. Kichwa kirefu chenye magurudumu mengi hakijali, maana wakati gurudumu moja liko juu ya plastiki mengine yanaendelea kuchukua umeme. Kichwa kifupi cha ekseli mbili, ambacho ndicho kinachofaa rafuni, hukwama hapo hapo, hasa kikienda polepole. Dawa yake ni pointi yenye makutano ya chuma, iliyounganishwa na swichi ndogo inayobadili chanya na hasi kila pointi inapogeuzwa. Dawa nyingine ni kapasita ndani ya kichwa, inayohifadhi umeme wa kukivusha penye pengo. Mjenzi mwenye busara hulehemu waya kwenye kila kipande cha reli na kuupitisha chini ya ubao, kwa kuwa viungio vinavyoshikanisha vipande hulegea na kushika uchafu.

Mkono wa binadamu unaoshuka kutoka juu kufungua behewa huharibu kila kitu, maana kwa skeli ya OO kidole kimoja kina unene wa zaidi ya mita moja. Wengi kwa hiyo huzika sumaku chini ya njia. Behewa likisimama juu yake, ndoano zinaachana zenyewe.

Mandhari ya rafuni ni elimu ya kudanganya macho. Ukuta wa nyuma huchorwa anga na vilima, na rangi zake hupaushwa makusudi, kwa sababu vitu vya mbali huonekana vimefifia. Majengo yanayogusa ukuta huo hukatwa nusu: ghala lenye uso wa sentimita 20 linaweza kuwa na kina cha sentimita 2, na hakuna atakayejua. Mahali treni inapotokea hufichwa kwa daraja la barabara au miti, na nyuma yake kuna ubao mtupu ambapo mabehewa hubadilishwa kwa mkono. Nyasi ni nyuzi za nailoni za milimita 2 hadi 6, zinazonyunyizwa kwa chujio lenye chaji ya umeme tuli. Chaji hiyo huzisimamisha wima kwenye gundi.

Kokoto za kati ya mataruma ndizo zinazotenganisha mfano mzuri na wa haraka haraka. Mawe yaliyosagwa, madogo kama chenga za mchele, humwagwa kidogo kidogo na kusambazwa kwa brashi laini mpaka yasibaki juu ya mataruma. Kisha hupulizwa ukungu wa maji yaliyotiwa tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni, tone la gundi lingejikusanya kuwa duara na kukokota mawe. Penye sabuni, gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji hudondoshwa kwa bomba la sindano na kuzama yenyewe. Hukauka usiku kucha bila kubakiza alama. Karibu na sehemu zinazocheza za pointi gundi haipaswi kufika kabisa, na ndiko hupenda kufika.

Si lazima rafu iige reli za Ulaya. Reli ya zamani ya Afrika Mashariki, iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, ina upana wa mita 1. Katika skeli ya mara 87 hiyo ni milimita 11.5, na njia za milimita 12 zinazouzwa kwa ajili ya mifano ya reli za milimani za Uswisi huikaribia sana. Kishawishi cha kwanza ni kuweka juu yake moja ya injini kubwa za mvuke aina ya Garratt, za daraja la 59, zilizotengenezwa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Mojawapo, Mount Gelai, iko kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Lakini mashine hiyo ina urefu wa zaidi ya mita 31, na ikipunguzwa mara 87 bado ni sentimita 36, karibu robo ya rafu ya mita 1.5. Stesheni ya tawi yenye ghala la pamba na kichwa kidogo ingekuwa chaguo la akili zaidi.

Rafu ikishakamilika, adui zake ni vumbi, unyevu na jua. Mbao huvimba na kusinyaa kufuatana na unyevu, kwa hiyo kati ya vipande vya reli huachwa mwanya mwembamba ili visipinde. Jua la dirishani hupausha nyasi na kupinda plastiki. Reli husafishwa kwa kitambaa kilicholowekwa spiriti. Msasa huacha michubuko inayonasa uchafu zaidi. Magurudumu nayo yasisahaulike, kwa kuwa uchafu unaofutwa relini hurudishwa na behewa la kwanza ambalo halikufutwa. Kioo cha plastiki mbele ya rafu hupunguza kazi hiyo, na pia huokoa kichwa cha treni kinachopitiliza mwisho wa njia.