Kutazama Viumbe wa Majini: Rubondo kwa Mashua, Mafia kwa Kupiga Mbizi

Familia za Geita na Shinyanga zinazotaka kuwaonesha watoto viumbe wa majini wakati wa likizo hazilazimiki kusafiri hadi Pwani. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo, iliyoanzishwa mwaka 1977 na kusimamiwa na Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), ipo ndani ya Ziwa Victoria mkoani Geita, na hufikiwa kwa boti kutoka Nkome au Kasenda. Hata hivyo, yapo mambo ya kuzingatia kabla mtoto hajavaa miwani ya maji na mrija wa kupumulia.

Rubondo hutazamwa kutoka juu ya mashua. Humo wamo mamba na viboko, fisi maji, kenge, na nzohe, swala anayeishi kwenye matete. Ndege wala samaki ni wengi kiasi kwamba mgeni huchoka kuhesabu. Chini ya maji wapo sato na sangara, ambaye anaweza kuzidi kilo 100. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na ni miongoni mwa sababu za kutoweka kwa aina nyingi za furu. Kwa kuwa uvuvi wa biashara hauruhusiwi ndani ya hifadhi, ghuba zake zimebaki mazalia ya samaki, jambo lenye faida pia kwa mvuvi aliye nje ya mpaka.

Kuogelea humo hakushauriwi. Mamba ni sababu iliyo wazi. Kichocho ni sababu isiyoonekana. Mayai ya minyoo huingia majini kupitia haja ya mtu mwenye maambukizi, huanguliwa, kisha vimelea hukua ndani ya konokono wa majini. Vikitoka humo hupenya ngozi ya yeyote aliyemo majini, hata kama hakunywa maji hayo wala hana kidonda. Konokono hao hupenda maji tulivu ya kina kifupi yenye majani, yaani pale pale ambapo mzazi hudhani mtoto yuko salama.

Kandokando ya ziwa, kichocho cha tumbo ndicho kilichoenea zaidi. Katika malambo na majaruba ya mpunga ya Shinyanga hupatikana zaidi kile cha kibofu, ambacho dalili yake inayofahamika ni mkojo wenye damu. Katika baadhi ya jamii dalili hiyo huchukuliwa kuwa sehemu ya kawaida ya kukua kwa mvulana. Si kawaida hata kidogo. Ikiachwa, ugonjwa hudhuru kibofu na figo.

Mtoto aliyekwisha kuingia majini apelekwe kituo cha afya, na mhudumu aelezwe tarehe aliyoogelea. Minyoo huhitaji wiki kadhaa kukomaa na kutaga mayai, hivyo kipimo cha mapema kinaweza kisioneshe kitu. Dawa ya prazikwanteli nayo huua zaidi minyoo iliyokomaa.

Kwa wanaotaka kupiga mbizi hasa, mahali pake ni baharini. Vimelea hivi havistawi katika maji ya chumvi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake nchini, ilianzishwa mwaka 1995. Katika Ghuba ya Chole, mwogeleaji huona matumbawe na samaki wake bila kuzama sana, na huenda akakutana na kasa. Matumbawe ni wanyama hai: kuyakanyaga huyaua, nayo hukua polepole mno. Atakayeingia avae jaketi la kuokolea iwapo hajui kuogelea, na afuate maelekezo ya mwongozaji.

Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye chakula chake ni viumbe vidogo vinavyoelea majini, huonekana karibu na Kilindoni zaidi kati ya Oktoba na Machi. Likizo ya Desemba huangukia ndani ya msimu huo. Ile ya katikati ya mwaka haimo.