Damu ya Haja Kubwa Si Bawasiri Daima

Masasi na Newala, kama kwingineko, damu katika haja kubwa huitwa bawasiri, na aibu hufunga mdomo. Lakini saratani ya njia ya haja kubwa huanza kwa dalili zizo hizo: damu, uvimbe, muwasho na maumivu.

Ugonjwa huu ni nadra, ila umekuwa ukiongezeka katika nchi kadhaa, zikiwemo Marekani na Uingereza, nao hauwapati watu wote sawa. Wanawake huugua zaidi ya wanaume. Walio hatarini zaidi ni waishio na VVU, wanaume wanaojamiiana na wanaume, na wanawake waliowahi kuugua saratani ya mlango wa kizazi. Takriban visa 9 kati ya 10 husababishwa na virusi vya HPV, ambavyo wasichana nchini huchanjwa dhidi yake tangu 2018.

Kwa hiyo mhudumu wa kliniki ya VVU na aulize, kisha apime kwa kidole, kwa faragha na heshima. Mficha maradhi kifo humuumbua. Kutoka Newala hadi kwenye mionzi ya Ocean Road, Dar es Salaam, ni safari ndefu. Lakini awahiye mara nyingi hutibiwa kwa mionzi na dawa bila kuondolewa kiungo.